Kliniki ya mtaani: nitajuaje ni salama?

SWALI: Familia yetu hutibiwa kliniki ya kibinafsi karibu na soko la Kenyenya. Wakaguzi huangalia nini huko, nami nitajuaje ni salama?
Mama wa watoto watatu, Kenyenya

JIBU: Mama, anza na ukuta. Leseni ya kliniki hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, huhuishwa kila mwaka, na inapaswa kubandikwa mahali pa wazi. Soma jina na mwaka. Anayekutibu naye awe na leseni yake; ukimwita daktari ilhali ni afisa wa kliniki, si kosa, mradi amesajiliwa na baraza lake. Usione haya kuuliza.

Kuhusu wakaguzi, mwaka 2016 Kenya ilianza kujaribu ukaguzi wa pamoja katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru: orodha moja badala ya kila baraza kuja na yake. Mkaguzi hutazama hata mambo unayoweza kuyaona mwenyewe. Je, kuna maji na sabuni pale anapokuhudumia? Sindano inafunguliwa mbele yako, kisha inatupwa papo hapo kwenye kisanduku kigumu? Pipa la manjano ni la taka za maambukizi, jeusi ni la taka za kawaida, zikichanganywa, jihadhari.

Rangi mpya na televisheni kwenye chumba cha kusubiri hazinishawishi hata kidogo.

Ukikuta leseni imepitwa na wakati, ripoti kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo ya Kenyenya au kwa Baraza lenyewe.