Kusukuma Sanduku Zito: Hesabu ya Msuguano kwa Wafanyakazi wa Ghala

Sanduku la mbao la kilo 60 limekaa kwenye sakafu ya saruji. Unalisukuma, halitikisiki. Unaongeza nguvu, bado. Unaongeza tena, mara linachomoka na wewe unalifuata ukipepesuka. Hapo ndipo vidole hubanwa na aliye mbele hugongwa miguu.

Dunia huvuta kila kilo kwa nguvu ya nyutoni 9.8, hivyo uzito wa sanduku ni 60 × 9.8 = nyutoni 588. Sakafu tambarare hulibeba kwa nguvu hiyohiyo, na msuguano ni sehemu yake. Sehemu hiyo hutegemea nyuso zinazogusana. Tuchukue 0.5 sanduku likiwa limetulia na 0.4 likiwa linateleza. Kulianzisha kunataka zaidi ya nyutoni 294. Likishaondoka, msuguano hushuka hadi 235.2.

Mchapuko wake

Ukisukuma kwa nyutoni 300, toa msuguano: 300 − 235.2 = 64.8. Hizo ndizo zinazoliongezea sanduku mwendo. Kwa kanuni aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, zigawanye kwa kilo: 64.8 ÷ 60 = 1.08. Huo ndio mchapuko, yaani kila sekunde inayopita, kasi huongezeka kwa mita 1.08 kwa sekunde. Baada ya sekunde 2 tu sanduku linakwenda mita 2.16 kwa sekunde, kasi kuliko mtu anayetembea kawaida. Kwa hiyo legeza mikono mara linapoanza kusogea. Nyutoni 235 hivi zinatosha kulipeleka bila kuongeza kasi.

Elekeza nguvu vizuri

Wengi hugeuza sanduku likalie upande mwembamba wakitumaini litateleza kwa urahisi. Haisaidii, na linaweza kupinduka. Tangu 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alikwisha kueleza kwamba msuguano haufuati ukubwa wa eneo linalogusa.

Mwelekeo wa nguvu ndio wenye faida kubwa. Ukiinama juu ya sanduku na kusukuma kuelekea chini kwa pembe ya nyuzi 30, nyutoni 150 kati ya zile 300 zinaligandamiza sakafuni. Msuguano wa kulianzisha unapanda hadi 369, na zinazosukuma mbele ni 260 tu. Utatoka jasho bure. Livute kwa kamba iliyoinuliwa pembe hiyohiyo: sakafu inabeba 438, msuguano wa kuteleza unakuwa 175.2, na mchapuko unafika 1.41.

Kumbuka pia kwamba viatu vyako vinategemea msuguano huohuo. Mtu wa kilo 70 anayesukuma kwa nyutoni 300 anahitaji soli zishike sakafu kwa angalau 0.44. Penye mafuta au maji atateleza yeye kabla ya sanduku.

Msimamizi, kausha sakafu kwanza, wape watu viatu vyenye soli inayoshika, na usiruhusu mtu asimame mbele ya mzigo unaosukumwa.