Ukishuka Mlimani, Unashuka na Nini?

 

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako (hata ile ya kwenye simu) usome Luka 9:28-43. Usiishie pale Yesu anapong'aa mlimani. Endelea mpaka wanaposhuka, maana somo letu la leo liko kwenye kushuka.

Jumamosi ya mlimani

Mimi nasoma Torino, kaskazini mwa Italia. Huku sasa hivi ni vuli. Siyo vuli yetu ile ya mvua, huu ni msimu wa majani kupukutika. Jua linazama mapema, baridi inaanza kuuma, na milima inageuka rangi ya njano na kahawia.

Jumamosi moja ya Oktoba kikundi chetu cha vijana kilikwenda hija Oropa. Ni mahali patakatifu pa Mama Maria, juu ya mji wa Biella, kwenye kimo cha karibu mita 1,200. Ndani mna sanamu ya mbao ya Mama Maria mwenye uso mweusi, na watu wamekuwa wakipanda kwenda kusali mbele yake kwa mamia ya miaka. Sisi tulianzia kijiji cha Pollone, chini kidogo, tukapanda kwa miguu. Oktoba si ni mwezi wa Rozari? Basi tukasali Rozari njiani, ingawa kufika fumbo la tatu wengine tulikuwa tunahema tu, Salamu Maria haitoki.

Kwa kweli kulikuwa kuzuri. Ukungu unapita katikati ya miti, majani yanalia chini ya viatu, halafu unaingia kanisani, kimya, mishumaa inawaka. Tulisali Misa. Baadaye tukala castagne, zile mbegu za kahawia zenye ganda gumu ambazo Waitaliano huzichoma kwenye moto na kuuza barabarani kama sisi tunavyochoma mahindi. Sijawahi kujisikia karibu na Mungu hivyo tangu nimetoka nyumbani.

Nikajiambia: hii hali lazima niibebe. Nikaokota majani mazuri, nikanunua mfuko wa castagne na picha ndogo ya Mama wa Oropa. Nilipofika nyumbani nikapanga meza. Majani kwenye glasi, mshumaa, Rozari, picha, kikombe cha chai ya tangawizi. Nikapiga picha nikaweka status: "Amani."

Sasa, mimi nakaa na dada mmoja kutoka Bujumbura. Alikuja Septemba, na hii ndiyo baridi yake ya kwanza. Alitoka chumbani kwake amejifunika blanketi, akaiangalia meza.

"Pamependeza, dada. Mulikwenda wapi?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mbona haukuniambia?"

Nikamjibu kwamba nilidhani ana mitihani. Lakini ukweli naujua mimi na Mungu wangu: sikudhani chochote. Sikumfikiria kabisa. Akaniambia, bila hasira, kwamba tangu Jumatano hakuwa ameongea na mtu yeyote zaidi ya kumsalimia mhudumu wa dukani. Kisha akarudi chumbani kwake akafunga mlango.

Nikabaki na mshumaa wangu na "Amani" yangu. Natamani ningesema nilikwenda kugonga mlango palepale. Hapana. Niliona aibu, nikaenda kulala.

Petro na vibanda vyake

Usiku ule nilikumbuka Injili ya Kugeuka Sura kwa Bwana. Petro, Yakobo na Yohane wanamwona Yesu katika utukufu wake, pamoja na Musa na Eliya. Petro anapendekeza wajenge vibanda vitatu. Yaani anataka hali ile isiishe. Luka anasema wazi kwamba Petro hakujua alichokuwa anasema.

Mara nyingi tunamcheka Petro. Lakini meza yangu ile ilikuwa nini kama si kibanda? Nilijenga kakibanda ka kuhifadhi hisia zangu, na ndani yake mlikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

Angalia kinachofuata. Kesho yake wanashuka, na mtu wa kwanza kuwakimbilia ni baba analia kwa ajili ya mwanae wa pekee anayeteswa na pepo. Huyu baba hakuwa mlimani, hakuona mwanga wowote. Alikuwa huku chini na shida yake, anangoja watu washuke. Na Yesu hasemi, "Subirini kwanza, nimetoka kusali, msiniharibie utulivu." Anasema mtoto aletwe, anamponya, anamrudisha kwa baba yake.

Soma pia Kutoka 34:29. Musa anashuka Sinai uso wake unang'aa, na yeye mwenyewe hajui. Waliouona ule mwanga ni watu aliowashukia. Hapo kuna kipimo kizuri cha hija, mafungo au kambi yoyote ya vijana. Usijiulize tu, "Nilijisikiaje kule?" Jiulize, "Walionipokea nyumbani wameona nini?"

Kijana aliyeipanda njia hiyohiyo

Njia ile ya Pollone hadi Oropa ina mtu wake. Familia ya Mtakatifu Pier Giorgio Frassati ilikuwa na nyumba Pollone, na mara nyingi yeye alidamka alfajiri, akapanda Oropa kusali Misa, akateremka.

Alizaliwa Torino tarehe 6 Aprili 1901. Baba yake alikuwa mwenye gazeti kubwa la La Stampa na baadaye balozi wa Italia mjini Berlin. Kijana wa kishua, tungesema. Alipenda milima kupita kiasi: kupanda, kuteleza kwenye theluji, kuimba njiani na kutaniana na marafiki. Alisomea uhandisi wa migodi kwa sababu alitaka kuwa karibu na wachimbaji, watu waliokuwa na kazi ngumu na maisha magumu.

Lakini Jumatatu ungemkuta wapi? Kwenye ngazi za nyumba za maskini wa Torino. Tangu mwaka 1918 alikuwa katika Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na alipeleka chakula, dawa, viatu. Nauli yake aliigawa, kisha akakimbia kwa miguu ili asichelewe chakula nyumbani. Inasimuliwa kwamba huko Berlin, kwenye baridi kali, alirudi bila koti kwa kuwa alikuwa amempa mzee mmoja maskini. Baba yake alipomgombeza, jibu lake lilikuwa rahisi tu: kulikuwa na baridi.

Katika kiangazi cha 1925 aliugua polio. Siku moja kabla ya kufa, mkono ukiwa unapooza, aliandika kijikaratasi kumkumbusha rafiki apeleke dawa za sindano kwa mgonjwa maskini. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24. Siku ya mazishi mitaa ilijaa maskini, na familia yake ikashangaa. Hawakujua mtoto wao alikuwa na marafiki wengi namna ile. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1990, na tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu, siku moja na Carlo Acutis.

Mimi nilikuwa nimepita njia ya Frassati ya kupanda. Ile ya kushuka sikuipita. Yeye alishuka akiwa na joto la kumpa mtu mwingine. Mimi nilishuka na majani.

Mafundisho mawili kutoka mlimani penyewe

La kwanza ni la majani. Jani likigeuka njano, ile njano haikuja jana. Ilikuwemo ndani ya jani muda wote, ila kijani kiliifunika. Siku zikiwa fupi na baridi ikiingia, mti unaacha kutengeneza kijani, na njano inaonekana. Ndivyo ilivyo na sisi. Baridi ya maisha (upweke, mitihani, kukosa kazi, mtu akikuuliza swali gumu mbele ya mshumaa wako) inaonesha kilichokuwa ndani. Kwangu ilionesha ubinafsi. Si habari nzuri, lakini ni heri kuiona, maana huwezi kuungama usichokiona.

La pili ni la ng'ombe. Katika Bonde la Aosta, ambalo haliko mbali na Oropa, wafugaji hupandisha ng'ombe juu milimani wakati wa kiangazi, kwenye majani mabichi. Mwishoni mwa Septemba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, wanawateremsha kwa shangwe, wengine wamevikwa maua na kengele. Hakuna anayesikitika kwamba ng'ombe wameshuka. Mlima ni wa malisho tu, makazi yako bondeni. Nabii Eliya naye, alipokutana na Mungu mlimani Horebu, aliambiwa arudi njia aliyojia, kuna kazi inamngoja (1 Wafalme 19:15).

Basi tufanye nini?

Sisemi usipange meza. Mshumaa ni mzuri, picha ya Mama Maria ni nzuri, nyumba yenye joto ni zawadi ya Mungu. Ila jaribu haya:

1. *Kabla ya kuondoka, angalia nani anabaki.* Pengine hana mchango wa safari na anaona aibu kusema. Pengine hajaalikwa tu. Swali la "Twende?" halina gharama.

2. *Ukirudi, kaa na mtu kabla hujakaa na simu.* Picha zitangoja. Msimulie mama, mdogo wako, mwenzako wa chumba. Na muulize, "Na wewe wiki yako ilikuwaje?" Halafu sikiliza jibu.

3. *Weka kiti cha pili.* Ukitengeneza kona ya sala nyumbani, iwe na nafasi ya mtu mwingine. Fumbo moja la Rozari mkisali wawili linatosha kuanzia.

4. *Toa kitu kimoja unachokipenda.* Siyo kile ulichokuwa unataka kukitupa. Baridi ya mwenzako haijui kama koti lako ni jipya.

5. *Kumbuka marehemu.* Novemba inakuja. Majani yanapoanguka, Kanisa linatuita kuwaombea waliotutangulia. Kuna mzee au mjane jirani yako ambaye mwezi huu ni mzito kwake. Mtembelee.

Kilichotokea baadaye

Jumapili baada ya Misa niligonga mlango wa yule dada. Nikamwambia, "Nisamehe. Sikusahau kukuambia, sikukufikiria kabisa." Alicheka kidogo, akasema heri ukweli kuliko ile ya mitihani.

Tukachoma zile castagne. Hakuna aliyetuambia kwamba lazima uchane ganda kwa kisu kwanza, basi zikaanza kulipuka ndani ya oveni, pa, pa, pa, sisi tunapiga kelele. Tulikula zile zilizopona. Yeye akapika maharage kama ya kwao, tukawasha mshumaa uleule, tukasali fumbo moja, yeye kwa Kirundi, mimi kwa Kiswahili. Sikupiga picha. Tangu siku hiyo Jumapili jioni ni ya meza. Wiki iliyopita alimleta msichana mwingine anayesoma naye, ambaye naye hakuwa na pa kwenda.

Sisemi kwamba sasa nimekuwa mtakatifu. Wiki hiyohiyo niligombana naye kuhusu vyombo. Lakini sasa najua mwanga wa mlimani unaishia wapi. Unaishia kwenye mlango wa mtu.

Maswali ya kutafakari

- Mara ya mwisho uliporudi kutoka mafungo, hija au kambi, nani alikuwa wa kwanza kukutana nawe nyumbani? Alipata nini kutoka kwako?
- "Kibanda" chako ni kipi, mahali unapopenda kujifungia na Yesu ili watu wasikusumbue?
- Katika familia, hosteli au jumuiya yako ndogo ndogo, nani huwa anabaki wengine wanapoondoka? Utamwambia nini wiki hii?

Tusali

Bwana Yesu, unatupandisha mlimani kwa sababu unatupenda, na unatushusha kwa sababu unawapenda na wale walioko chini. Utusamehe pale tulipokumbatia faraja yako tukamsahau aliyekuwa anatetemeka chumba cha pili. Utupe macho ya kumwona, miguu ya kumfuata na ujasiri wa kugonga mlango. Mama Maria wa Oropa, utuombee. Mtakatifu Pier Giorgio, utuombee. Amina.

Wiki njema, wapendwa. Ukimaliza kusoma, usiitume makala hii kwa mtu. Mpigie simu kwanza.