Muhula wa kwanza wa bioteknolojia

Swali: Mwalimu, nimechaguliwa kusoma bioteknolojia chuo kikuu. Mbali na kozi za lazima, nina nafasi moja ya hiari: takwimu au ujasiriamali?

Jibu: Chukua takwimu, mwanangu. Ujasiriamali utausoma baadaye, ukiwa na cha kuuza. Wengi huja wakiota kuhariri jeni, kumbe maabara huanza na hesabu: kutoka myeyusho wa molari 1, tengeneza mililita 100 za molari 0.05. Unapima mililita 5, unaongeza maji yaliyotoneshwa hadi alama ya 100. Ukikosea hapo, kemikali za bei ghali zimepotea. Kwenye kozi za lazima, kemia ya kaboni usiiahirishe kabisa. Baiokemia yote imeegemea hapo. Vipindi vya maabara vikigongana, mwone mratibu kabla usajili haujafungwa.