Simu ya Mtoto Aliye Mbali

Swali: Mzazi aliyeko Iringa atadhibitije simu ya Android ya mtoto anayeishi kwa shangazi yake Mbeya?

Jibu: Programu ya bure ya Google, Family Link, hufanya kazi hiyo kwa mbali, mradi simu zote mbili ziwe na bando. Simu ya mtoto, ikiwa ilitumiwa na mtu mzima, hufutwa kwanza kila kitu. Akaunti ya zamani ikibaki, mtoto hupitia humo na vizuizi havina maana. Kisha huingizwa akaunti ya mtoto, na mzazi hupanga muda wa matumizi, saa ya kulala na programu zinazoruhusiwa. Ujumbe wa WhatsApp hausomwi na Family Link; hapo shangazi azungumze na mtoto waziwazi. Mtoto akitishwa mtandaoni, namba ya msaada kwa watoto, 116, hupigwa bure.