Sindano kwenye taka

*Nahudumu dampo la taka hapa Ngara. Jana, nikichambua chupa za plastiki, sindano ilipenya glavu ikanichoma kidole. Nifanyeje?*
*Mhudumu, Ngara*

Mchomo wa sindano iliyotumika unaweza kupitisha VVU au homa ya ini, ingawa wengi hawaambukizwi. Jeraha huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua wala kulinyonya. Aliyechomwa huwahi hospitali, iwe Murgwanza au Biharamulo, siku hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU huanza kabla ya saa 72 kupita na humezwa siku 28. Hapo huulizia pia chanjo za pepopunda na homa ya ini B. Mwajiri hupewa taarifa kwa maandishi kwa ajili ya fidia. Macho yakiwa ya manjano au homa ikizuka, hurudi hospitali mara moja. Kazini, taka huchambuliwa kwa koleo, na sindano hutiwa kwenye kidumu kigumu chenye kifuniko.