Pima Tezi Kabla ya Kununua Mashine

Tuseme ninyi wavuvi watano wa Nyamisati mmechanga fedha za misimu miwili. Mnataka kununua mashine ya boti. Mkifika dukani, muuzaji atawauliza: "Mnataka ya mguu mfupi au mguu mrefu?" Msijibu kwa kubahatisha. Jibu liko kwenye boti yenu.

Chukueni futikamba. Pimeni ubao wa tezi, katikati, kutoka juu mashine inapokaa mpaka chini ya boti. Mkipata karibu sentimita 38, yaani inchi 15, mguu mfupi unafaa. Mkipata karibu sentimita 51, yaani inchi 20, takeni mguu mrefu. Andikeni kipimo hicho kwenye karatasi, mwende nacho dukani.

Kwa nini tunapima? Juu ya pangaboi kuna bati bapa. Bati hilo lilingane na chini ya boti, au lishuke kidogo, sentimita 2 au 3. Mguu ukiwa mfupi mno, pangaboi huvuta hewa. Mashine hulia kwa nguvu, boti haiendi, na petroli inakwisha. Tena mashine hupozwa na maji inayoyavuta yenyewe. Ikiyakosa, huungua.

Mguu ukiwa mrefu mno, hugonga chini. Sisi tunayajua maji yetu: yakipwa, vijito vya mikokoni hubaki tope na visiki. Kwa hiyo mguu uweze kuinuka bila kuzuiwa na kitu. Penye maji machache punguza mwendo, uuinue kidogo, lakini tundu la kuvuta maji lisitoke nje. Tazama maji yanayoruka nyuma ya mashine. Yakikatika, zima. Huenda tope limeziba.

Vyombo vingine vimechongoka mbele na nyuma, havina ubao wa tezi. Hapo mashine hukaa ubavuni, juu ya kiti cha mbao ngumu kilichofungwa kwa bolti mpaka kwenye mataruma. Usikipigilie kwa misumari tu. Mashine ikiwa kulia, chombo hutaka kwenda kushoto. Kikilalia kushoto, pangaboi hutoka majini. Kwa safari ya Mafia, mimi ningechagua chombo chenye ubao wa tezi.

Skrubu za kukaza kwa mkono peke yake hazitoshi, maana mtikisiko huzilegeza. Tia bolti zinazopenya ubao, uzikaze kwa nati. Kisha funga mashine kwa kamba madhubuti kwenye taruma. Ikichomoka katikati ya njia ya Mafia, kamba ndiyo itakayoizuia isizame.

Maswali

1. Ubao wa tezi una sentimita 51. Mguu wa mashine ni wa sentimita 38. Umepungua kwa sentimita ngapi? Mashine itafanyaje?

2. Pimeni boti moja bandarini. Andikeni kipimo chake.