Kabla ya Ripoti, Nenda Kariakoo

Hongera sana, mdogo wangu, kwa feloshipu ya shule ya biashara. Najua unawaza utakaa vipi na watu waliobobea kwenye fedha na mipango miji, wanaozungumza maendeleo ya uchumi wa miji kana kwamba wamezaliwa nayo. Usiogope. Jambo ninalotaka ulishike ni moja: mfanyabiashara mdogo usimwendee kwa huruma, mwendee kama mfanyabiashara.

Mapema tu utakutana na maandishi ya Michael Porter wa Harvard. Mwaka 1995 alisema maeneo ya kimaskini katikati ya miji ya Marekani yana faida za kibiashara zinazopuuzwa, kama vile kuwa karibu na barabara kuu na kuwa na wakazi wengi wasiohudumiwa. Waliomkosoa walisema aliupunguzia uzito mchango wa serikali na vyama vya wakazi, na mimi niko upande wao. Hata hivyo swali lake ni zuri: mahali hapa pana nini kinachoivuta biashara ije yenyewe?

Liulize hapa Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Soko la Kariakoo huwaleta wanunuzi kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro kwa sababu bidhaa nyingi ziko mahali pamoja na bandari iko jirani. Halafu tazama Machinga Complex pale Ilala, jengo la wachuuzi wadogo, yaani machinga. Paa lipo, vizimba vipo, lakini vingi vilikaa vitupu miaka mingi. Muuza soksi anaishi kwa mpita njia. Ukiisogeza meza yake mbali na kituo cha daladala, umemnyang'anya wateja, hata kama umempa kivuli. Ndiyo maana wengi waliumia machinga walipoondolewa barabarani mwaka 2021. Jiji linahitaji njia za watu kupita, sikatai. Ila anayepanga eneo jipya ahesabu kwanza miguu ya wapita njia, kisha ndipo achore ramani.

Basi nenda Kariakoo wewe mwenyewe. Fika asubuhi mizigo inaposhushwa, amkia wakubwa, nunua kitu, rudi kesho. Usianze na "unapata shilingi ngapi kwa mwezi?" Mfanyabiashara atadhani umetoka TRA, mamlaka ya mapato. Muulize mzigo huu unaisha kwa siku ngapi, stoo analipa kiasi gani, mtaji kautoa wapi. Hapo ndipo utasikia habari za vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na za mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, na utaelewa kwa nini faida ya wiki nzima huishia kwenye rejesho.

Ukipangwa kufanya kazi halmashauri, fuatilia ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Wasikilize maofisa maendeleo ya jamii wa kata kuliko mtu mwingine yeyote ofisini. Wao ndio wanaojua kikundi gani ni cha kweli na kipi kimeundwa kwa ajili ya fomu.

Na kwa upande wako, soma mkataba wa feloshipu: posho inaingia lini, nauli ya kwenda mitaani nani analipa, takwimu utakazokusanya ni za nani. Omba ruhusa ya kuwasomea wafanyabiashara rasimu ya ripoti yako kabla haijafika kwa mkurugenzi, na iandikwe humo humo kwenye mkataba.